Maji ya Kijivu

Kabla ya kuosha kila kreti nilikuwa nasali. Haikuwa sala ndefu. "Mungu wangu, mikono hii isiharibu kitu." Kisha nachukua mswaki, huu huu wa meno wa kawaida, nauchovya kwenye beseni, naanza na kigae cha kwanza.

Miaka kumi na moja nimeosha vigae vya vyungu katika ghala la makumbusho. Ni vya wakulima wa kwanza, watu walioishi kabla ya chuma na kabla ya maandishi, wakatuachia mawe ya kusagia, punje chache zilizoungua, na vyungu vilivyovunjika. Hasa vyungu. Ghalani waliniita Mama Mswaki, nami sikukasirika. Jina la kazi si tusi kama kazi yenyewe unaifanya vizuri.

Nami niliifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwaka wa tano yaliletwa makreti ya Nyumba ya Tatu. Sisi ghalani tunaita nyumba hata pakibaki sakafu ya udongo uliopondwa na duara la mashimo ya nguzo. Ndani ya duara hilo walikuta vyungu saba vimepangwa kufuata ukuta, vimefudikizwa, midomo chini, na vyote havina vitako. Vimebaki shingo na mabega tu. Daktari, mkuu wa uchimbaji, daktari wa vitabu na si wa sindano, alivileta mwenyewe hadi kwenye meza yangu.

"Mama Mswaki, hivi nataka ving'ae."

Vikang'aa. Nayakumbuka yale maji. Udongo wa pale ni mwekundu, na makreti yote hugeuza maji kuwa kama chai iliyokolea majani. Vyungu vile saba vilitoa maji ya kijivu, mazito kidogo, yanayoteleza vidoleni. Ukingoni, pale vilipovunjikia, kulikuwa na utando mgumu uliogandamana ndani na nje. Nilivilowesha, nikasugua, nikavilowesha tena, nikachokonoa kwa kijiti. Nikamwaga maji kwenye mtaro wa nyuma mara sita. Wakati ule tangi lilikuwa linavuja na tuliagizwa tuandike maji tunayotumia, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari langu: "Kreti 31. Vipande saba vikubwa. Maji ya kijivu. Nimebadilisha mara sita."

Daktari alikuja akavigeuza kwenye mwanga, akawaita wengine. "Njooni muone maana ya kuosha." Siku ile nilirudi nyumbani nimeshiba sifa, chakula nikakionja tu.

Baadaye akaandika kwamba Nyumba ya Tatu ilikuwa nyumba ya ibada. Vyungu, alisema, viliuawa kwa makusudi kwa kutobolewa vitako, vikafudikizwa mbele ya mizimu. Maandishi hayo yalibandikwa ukutani kwenye chumba cha maonyesho, na watoto wa shule walipita wakiyanakili.

Mpiga Picha wetu, mtu wa makamo anayepiga picha kila kigae chenye urembo, hakuyaamini. "Huyu mzee kila asichokielewa anakiita ibada," aliniambia. "Siku akichimba jikoni kwangu atakuta sufuria zilizoungua aseme ni hekalu."

"Na mkeo ataitwa kuhani."

"Huyo ataitwa shetani, Mama. Yeye ndiye anayeunguza."

Tulicheka, lakini mimi sikuwa na la kusema juu ya vyungu vile. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Nilipofika miaka arobaini na nane nikajiandikisha madarasa ya jioni, nikakaa na watoto wa wenzangu kwenye viti vidogo, nikajifunza upya kuandika insha. Nilikuwa na sababu. Ghalani kuna meza karibu na dirisha, meza ya msaidizi wa uchambuzi, mtu ambaye haoshi. Anapanga vigae, anavipima, anaandika vinachosema. Meza ile ilikuwa wazi. Daktari alishasema mbele ya watu kwamba siku nikileta cheti itakuwa yangu. Na cheti kilitaka insha ya mwisho, yenye utafiti wako mwenyewe. Kwa miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya asubuhi: cheti, na meza ile.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mume alipofariki tukabaki ndani ya nyumba yake kama mifuniko miwili isiyo na sufuria. Wifi alikuwa mfinyanzi maisha yake yote, hadi viungo vya vidole vilipovimba akaacha. Kusoma hajui. Kusema anajua.

"Msomi ameingia," ndivyo alivyonipokea kila jioni. "Leo wamekufundisha nini, kuvua viatu mlangoni?"

Jumamosi moja nilikuwa namsafishia chumba. Nilipouinua mtungi wake wa maji ya kunywa ili nifagie chini, nikauona vizuri mara ya kwanza ule mduara wa udongo ambao mtungi huwa umekalia. Ilikuwa shingo ya chungu. Imefudikizwa. Haina kitako.

"Wifi, hiki umekitoa wapi?"

"Kipi?"

"Hiki unachowekea mtungi."

"Miaka ishirini na mbili unakipita kama jiwe, leo ndiyo unakiona? Kweli miwani ile uliyonunua haikuwa hasara."

"Nakuuliza kwa wema, wifi."

"Chungu kilikufa kitako, shingo ikabaki nzima. Shingo nzima haitupwi. Unasugua pale palipovunjika mpaka panakuwa laini, unakifudikiza, kinakuwa kiti."

"Kiti cha nani?"

"Cha chungu ambacho hakijazaliwa." Aliuangalia uso wangu akacheka. "Sasa wewe, chungu cha kitako cha duara utakifinyangia wapi, mapajani? Unakikalisha juu ya kiti, mkono wa kushoto unazungusha taratibu, wa kulia unapandisha udongo. Chungu kinazunguka pamoja na kiti chake. Ndiyo maana mdomo wa chini umesagika hivyo. Na tope linateremka linagandia hapa ukingoni, linakuwa nene kama kidole. Hiki nilikikwangua nilipoacha kazi."

"Tope la rangi gani?"

"La kijivu. Udongo ule hauwi mwekundu mpaka uone moto. Wifi, mbona umekaa kitandani kwangu bila kukaribishwa?"

Sikuinuka. Nikamwuliza: na mtu akiwa na viti saba ndani ya nyumba moja, amevipanga ukutani?

"Huyo si mtu mmoja. Hao ni wanawake saba wanafinyanga pamoja na kumsengenya wa nane. Wamemaliza kazi, wameviegesha, wameondoka. Sisi tulikuwa watano pale kwa shangazi yangu, miaka thelathini na tisa. Hakuna nililokosa kulisikia."

Jumatatu niliwahi kazini kabla ya wote, nikavitoa vyungu saba. Midomo yote ilikuwa imesagika upande mmoja, kama kisigino cha kiatu cha zamani. Ukingo uliovunjika ulikuwa umesuguliwa. Kidole kilipita bila kukwaruzwa. Kisha nikachukua kioo cha kukuzia, nikatafuta tope la kijivu. Nilitafuta mpaka macho yakatoa machozi. Halikubaki hata la kuficha chini ya kucha. Kitu pekee ambacho kingemnyamazisha kila mtu kilikuwa kimekwenda mtaroni, mabeseni sita, kwa mikono yangu hii niliyokuwa naiombea isiharibu.

Nilimwuliza Mungu kwa nini. Nikasema basi, ataniachia angalau insha ya cheti juu ya vyungu hivi.

Nikamwendea Daktari. Nilisimama, yeye ameketi.

"Daktari, naomba nikwambie kitu. Nyumba ya Tatu si ya ibada. Wafinyanzi walikuwa wanafanyia kazi mle. Vile ni viti vya kufinyangia."

Hakucheka. Alitabasamu, na kicheko kingekuwa nafuu. "Ushahidi?"

"Midomo imesagika."

"Chungu cha zamani husagika."

"Kulikuwa na tope la kufinyangia. Wakati naviosha maji yalikuwa ya kijivu."

"Mama, maji ya beseni si ushahidi. Yako wapi hayo maji?"

Nikarudi kwenye meza yangu. Lakini insha niliiandika, miezi miwili, kila Jumapili baada ya ibada. Nilieleza midomo, ukingo, maji, na nikaeleza kiti kinavyotumika. Ilipofika pale pa kusema nimeyajuaje, nikasimamisha kalamu. Wenzangu darasani walikuwa wanataja vitabu. Mimi nitaje nini, chumba cha wifi? Na kusema ukweli wote, nilitaka iwe yangu. Kwa mara ya kwanza kitu kilichoandikwa kiwe changu. Nikaandika: "Mfinyanzi mmoja mzee, asiyejua kusoma, alimweleza mtafiti kwamba…" Mtafiti ni mimi. Niliipenda sentensi hiyo. Niliirudia kwa sauti.

Nilipokuwa natafuta siku ya kuikabidhi shuleni, Daktari akanijia. "Ile insha yako, niletee niitazame. Nikusahihishie kabla mwalimu hajaiona. Na lile daftari la maji, kama bado lipo." Nikampa vyote viwili kwa mikono miwili. Usiku huo nilitoa shukrani kwa magoti. Wifi alinisikia.

"Umepata meza?"

"Bado kidogo, wifi."

"Na mimi je, nimeingia humo unamoandika?"

"Umeingia."

Siku iliyofuata alishamwambia jirani wa kushoto na wa kulia kwamba yumo kitabuni. "Nyinyi mmepigwa picha za harusi tu," aliwaambia. "Mimi nimeandikwa."

Miezi ikapita. Kila nikiuliza, Daktari alikuwa na haraka. Mwisho nikanakili insha upya kutoka kwenye karatasi zangu za rasimu, nikaipeleka shuleni. Wiki hiyo hiyo likaja boksi la vijitabu ghalani, bado vinanuka wino. Mpiga Picha akafungua kimoja kwa sababu picha ni zake. "Uchunguzi Mpya wa Nyumba ya Tatu." Jina la Daktari chini yake, peke yake.

"Sikiliza, Mama, amebadilika. 'Sakafu hii ilikuwa mahali pa kazi. Vyungu saba vilikuwa viti vya kufinyangia.'" Alinitazama. "Si ndiyo maneno yako?"

"Endelea."

"'Kumbukumbu za uoshaji zinaonyesha kwamba maji yalikuwa ya kijivu, ishara ya udongo mbichi.'" Akageuza ukurasa, akasoma tanbihi ya chini, sauti ikaanza kushuka. "'Kwa bahati mbaya mabaki yenyewe yalipotea kutokana na usafishaji wa kupita kiasi, uliofanywa na mfanyakazi asiye na mafunzo.'"

Hakutia mzaha wowote. Akakirudisha kijitabu ndani ya boksi kama mtu anayerudisha kitu cha moto.

Nilikwenda ofisini kwa Daktari. Safari hii nilikaa bila kukaribishwa.

"Daktari, umeniandika."

"Nimekutaja, ndiyo."

"Hukunitaja mimi. Umeutaja mswaki. Na ulisema unataka ving'ae."

"Sikusema uondoe ushahidi. Mama, ningeweka jina lako pale ingekuwa aibu kwako. Nimekuhifadhi." Alisema hivyo kwa upole, na nadhani aliamini. "Meza ya dirishani bado ipo. Lete cheti."

Nikameza. Nilijiambia cheti kikishapatikana nitakaa pale, nami nitaandika mwenyewe. Mtu huweza kumeza mengi akiona meza kwa mbali.

Baada ya siku tisa Mwalimu wa jioni, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yangu, akanibakiza baada ya kipindi. Alikuwa na insha yangu mkono mmoja na kijitabu mkono mwingine.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hebu niambie, hii ni nini? Zinafanana."

"Ameichukua kwangu, Mwalimu. Alisema ananisahihishia."

"Chake kimechapishwa. Yako imeletwa siku tatu baadaye. Nimempigia simu. Anasema ulikuwa unaosha vyombo pale, na ulikuwa unasikia mawazo yake."

"Vigae," nikasema. "Naosha vigae." Sijui kwa nini nililishika hilo.

Nikamweleza daftari la maji. Liko kwa Daktari, ni mali ya ghala. Nikamtaja Mpiga Picha; kesho yake nilipomwomba aje kushuhudia alitazama viatu vyake. "Mimi napiga picha tu, Mama. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao." Sikumlaumu sana.

Mwalimu alikuwa amekunja ukurasa mmoja wa insha yangu. "Hapa. Huyu mfinyanzi. Kwenye kijitabu hayupo, kwako yupo. Huyu ndiye angekuokoa. Lakini ni nani? Hakuna jina, hakuna mahali, hakuna tarehe. Mtu yeyote anaweza kubuni mfinyanzi mmoja mzee."

"Yupo. Ni wifi yangu."

"Basi mlete Ijumaa. Aseme alikwambia nini na lini, mbele ya mkuu wa shule. Akisema, nakupa alama zako. Asipokuja, nitalazimika kuandika kwamba umenakili."

Wifi aliposikia kwamba anahitajika shuleni hakuuliza mengi. Ijumaa mchana alivaa nguo yake ya kutokea, akapaka mafuta vidole vyake vilivyovimba, akavaa viatu vya kufunika ambavyo hakuwa amevivaa tangu mazishi ya kaka yake. Jirani alimwuliza mlangoni anakwenda wapi. "Wasomi wameniita," akasema. "Kuna mahali wamekwama."

Tulipokuwa tunataka kutoka, akakaa tena kwenye kiti.

"Nisomee kwanza pale niliposema. Nisije nikasema mengine nikakuharibia."

Nilitoa insha kwenye mfuko. Niliufungua ukurasa ule uliokunjwa. Naye akaweka mikono mapajani, akainua kidevu kidogo, kama mtu anayepigwa picha.

Wifi hajui kusoma. Ningeweza kuliingiza jina lake pale kwa mdomo tu, wino ungebaki ulivyo, na Mungu peke yake angesikia. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nilikawia mpaka akageuka kunitazama.

"Herufi zimekimbia?"

Nikasoma kama ilivyoandikwa. "Mfinyanzi mmoja mzee, asiyejua kusoma, alimweleza mtafiti kwamba shingo ya chungu kilichovunjika huweza kutumika kama kiti…"

"Rudia mwanzo."

Nikarudia.

"Mbele kidogo nipo?"

"Hapana, wifi."

"Nyuma je?"

"Hapana."

"Jina?"

Aliinama akaanza kuvua viatu. Vidole vilimsumbua na kamba zile, nikapiga hatua nimsaidie, akanizuia kwa kiganja.

"Yule Daktari wako alivyokuandika uliniambia ulilia," alisema. "Nikakuhurumia. Nilikupikia."

"Wifi, nilikosea. Twende, nitaliandika huko huko, mbele yao."

"Mwambie mwalimu wako amtafute huyo mzee mmoja asiyejua kusoma. Mimi simjui. Mwenye maneno hayo ninamjua mmoja tu, na huyo ana jina." Aliviweka viatu pamoja, pua kwa pua, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nilikwenda peke yangu. Nilimwambia Mwalimu kwamba amekataa kuja na kwamba ana haki. Alinitazama kama mtu anayetaka kuamini, kisha akaandika alichosema ataandika. Cheti hakikutoka. Meza ya dirishani leo imejaa makreti matupu, na ukutani juu ya beseni langu kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Daktari: kigae chochote chenye utando kionyeshwe kabla hakijaguswa na maji. Ni agizo zuri. Ningelifurahia miaka sita iliyopita.

Wifi hakusema nami kwa wiki tano, isipokuwa chumvi iko wapi na mlango umefungwa au la. Sikumlazimisha. Sala yangu ya asubuhi nilishindwa kuimalizia, maana nilikuwa nimezoea kumshitaki Daktari ndani yake, na kila nikifika pale maneno yalinigeukia.

Jumapili moja nilichukua daftari jipya, nikaanza kuiandika insha tena. Hakuna aliyekuwa anaingoja. Nikaanza na yeye: mfinyanzi, miaka thelathini na tisa katika kazi, nyumbani kwa shangazi yake, wanawake watano. Niliandika jina lake la kwanza. Niliandika la baba yake, ambalo lilikuwa la baba mkwe wangu. Nikakwama kwenye la tatu, lile alilolikuta kwa mumewe wa zamani, na pale mezani nikatambua kwamba silijui. Miaka ishirini na mbili chini ya bati moja.

Nikaenda mlangoni kwake nikabisha.

"Wifi. Jina lako la tatu ni nani?"

Nilidhani amelala. Kisha akalitamka, polepole, mara mbili, kama anavyotamkiwa karani, bila kufungua.

Nikaliandika nikiwa nimesimama pale pale, daftari nimeliegemeza ukutani. Nikangoja. Ndani nikasikia kata ikigonga ukingo wa mtungi, mtungi ukitikisika kidogo na kutulia tena juu ya kiti chake.